Sekunde Nane za Paris: Mazungumzo Kuhusu Pembe za Usukani

Popote ulipo, dukani, jikoni, kwenye kibanda cha fundi au njiani ukirudi nyumbani, nakuomba dakika chache za sikio lako. Leo tunazungumzia baiskeli za mashindano, na hasa kifaa kimoja kidogo kinachofungwa kwenye usukani.

Kifaa chenyewe ni vyuma viwili vinavyochomoza mbele kutoka katikati ya usukani. Jioni hii nitaviita pembe. Nyuma ya kila pembe kuna kiegemeo kidogo chenye sponji. Mwendeshaji anainama, anaweka viwiko vyake juu ya viegemeo, ananyoosha mikono mbele na kushika ncha za pembe. Hapo mgongo unalala, kichwa kinashuka, na mabega yanakusanyika. Kama umewahi kutazama Tour de France kwenye televisheni, umewaona. Ni siku zile ambazo waendeshaji hawatoki kwa kundi. Wanaachiwa mmoja mmoja, kila mtu na njia yake, kila mtu akikimbizana na saa; hizo ndizo mbio za saa.

Nina neno moja la kukuambia leo, na nitalirudia ili lisikupotee. Pembe hizi ni kifaa halali na kizuri kwa mtu anayeendesha peke yake. Kwa mtu aliye katikati ya wenzake, ni hatari. Peke yako, ndiyo. Katikati ya watu, hapana. Shika hilo, kisha twende pamoja.

Kwanza tuulizane: adui wa mwendesha baiskeli ni nani? Muulize kijana anayesafirisha mkaa au ndizi kwa baiskeli. Kwenye mlima atakuambia mzigo. Lakini kwenye tambarare, siku ya upepo wa mbele, atakuambia upepo. Na hata siku isiyo na upepo, ukienda kasi unautengeneza upepo wako mwenyewe, kwa sababu hewa iliyotulia mbele yako ni lazima uisukume ikupishe.

Na hewa hiyo ina hesabu kali. Ukiongeza mwendo mara mbili, haikuzuii mara mbili tu, inakuzuia mara nne. Na nguvu unayotakiwa kuitoa miguuni inapanda mara nane. Narudia: mwendo mara mbili, nguvu mara nane. Ndiyo maana kijana mwenye afya anaweza kwenda kilomita 20 kwa saa huku akipiga soga na mwenzake, lakini umwambie aende 40 kwa saa, peke yake, kwa nusu saa nzima, utaona wachache sana wanaofika.

Sasa, hewa hiyo inagonga nini? Wengi wanadhani inagonga baiskeli. Baiskeli ni mabomba membamba na magurudumu membamba, haizuii sana. Kinachozuia zaidi ni mtu mwenyewe: kifua, mabega, kichwa, mapaja. Mfikirie mtu aliyebeba bati moja la kuezekea siku ya upepo. Akilikabilisha na upepo kwa upana wake, anarudishwa nyuma hatua kwa hatua. Akiligeuza ukingo ukatangulia, anapita. Bati ni lile lile, uzito ni ule ule, na mbebaji ni yule yule. Kazi ya pembe za usukani ni kumgeuza mwendeshaji ukingo wake utangulie. Haziongezi nguvu hata kidogo, ila nguvu ile ile aliyonayo inamfikisha mbali zaidi.

Basi wazo hili lilitoka wapi? Lilitoka kwenye theluji. Boone Lennon, Mmarekani, alikuwa kocha wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Wanaoteremka milima kwa kasi katika mchezo ule hujikunja, wakaweka mikono mbele ya uso, ili hewa iwapite. Lennon akaona kwamba mwendesha baiskeli naye angeweza kukaa hivyo, mradi apate mahali pa kuegemeza mikono. Kampuni ya Scott, ambayo ilianza na fimbo za alumini za mchezo huo huo wa theluji, ikavitengeneza vyuma hivyo na kuviuza. Wa kwanza kuupenda mkao huo walikuwa watu wa masafa marefu. Mwaka 1986 Pete Penseyres alishinda mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, siku nane na ushee barabarani, akiwa ameegemeza mikono yake namna hiyo. Mtu wa safari ya namna ile anatafuta nafuu ya mgongo na viganja kwanza, kasi baadaye. Wakafuata wanamichezo wa triathlon, wale wanaoogelea, wakaendesha baiskeli, kisha wakakimbia. Magwiji wa barabara za Ulaya walikuwa bado wanaviangalia vyuma hivyo kwa mashaka.

Hapo ndipo tunafika Paris, tarehe 23 Julai 1989. Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa pana utamu.

Watu wawili. Wa kwanza ni Laurent Fignon, Mfaransa, mzaliwa wa Paris, bingwa wa Tour de France mwaka 1983 na 1984. Wa pili ni Greg LeMond, Mmarekani, bingwa wa mwaka 1986. Miaka miwili kabla, LeMond alipigwa risasi kwa bahati mbaya akiwa mawindoni. Alinusurika kufa, na baadhi ya vipande vya risasi vilibaki mwilini mwake. Mwaka 1989 alirudi na timu ndogo ya Ubelgiji, na wengi walidhani amekwisha.

Kwa zaidi ya wiki mbili watu hawa wawili walinyang'anyana jezi ya njano anayovaa kiongozi. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ikafika siku ya mwisho, zaidi ya kilomita 3,200 zikiwa nyuma yao, Fignon akiongoza kwa sekunde 50. Mwaka ule waandaaji waliamua kwamba siku ya mwisho iwe ya mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, kutoka Versailles hadi barabara ya Champs-Élysées. Urefu wake kilomita 24 na nusu tu. Piga hesabu na mimi, msikilizaji: ili ashinde, LeMond alihitaji kumpunguza Fignon zaidi ya sekunde mbili kila kilomita. Fignon alikuwa nyumbani kwake, na watu walijiandaa kusherehekea.

LeMond akatoka na zile pembe kwenye usukani, na kofia ndefu iliyochongoka nyuma. Aliwaomba watu wake wasimwambie muda wowote njiani. Akainama, akalala juu ya vyuma vyake, akaenda.

Fignon akatoka dakika mbili baadaye, kama ilivyo kawaida ya kiongozi kutoka wa mwisho. Hakuwa na pembe. Alishika usukani wa kawaida wa mbio za namna ile, mikono imetengana, kifua kinaonekana. Kichwani hakuwa na kofia, nywele zake ndefu amezifunga nyuma. Tena alikuwa na jipu mahali anapokalia, lililomnyima usingizi.

LeMond alifika kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 54 kwa saa. Kisha akasimama pale, akasubiri. Sekunde zikahesabiwa mbele ya umati, na Fignon hajafika. Zikapita 50, naye bado yuko njiani. Alipovuka mstari, alikuwa amepoteza sekunde 58. Ondoa zile 50 alizokuwa nazo, zinabaki nane. Sekunde nane! Baada ya saa zaidi ya 87 za kuendesha baiskeli, mashindano yaliamuliwa kwa sekunde nane, na mpaka leo hakuna Tour de France ya wanaume iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Je, ni pembe zilizomshindisha? Tuwe waungwana. Njia ile ilikuwa na mteremko kidogo na upepo wa nyuma, lakini hayo yaliwasaidia wote. Jipu la Fignon lilimuumiza. Kofia ya LeMond ilimsaidia. Na LeMond alikuwa hodari, hilo hakuna wa kulikana. Hata hivyo kwa maoni yangu sekunde nane ni kitu kidogo mno mbele ya faida ya kumgeuza mtu ukingo utangulie kwa kilomita 24. Naamini kabisa kwamba bila pembe zile, jezi ingebaki Ufaransa.

Na sasa swali gumu zaidi: je, ilikuwa halali? Fignon mwenyewe aliona hadi mwisho wa maisha yake kwamba vyuma vile havikupaswa kuruhusiwa. Alifariki mwaka 2010, na naheshimu uchungu wake. Lakini kuna jambo moja linalosahauliwa. LeMond hakuzitoa pembe mfukoni asubuhi ile ya mwisho. Alikuwa amezitumia zaidi ya wiki mbili nyuma, katika mbio za saa zilizoishia Rennes, akashinda na akavaa jezi ya njano. Waamuzi waliziona, wakaziruhusu. Wapinzani waliziona. Kila timu ilikuwa na muda wa kutosha wa kuzitafuta na kuzifunga. Kwa hiyo mimi nasema ilikuwa halali. Kifaa kilikuwa wazi machoni pa wote, waamuzi wamekikubali, na kila mtu angeweza kukipata. Wengine walichagua kutokitumia kwa sababu hakikuwa desturi.

Msikilizaji, labda bado una shaka kwamba namna ya kukaa inaweza kuleta tofauti kubwa hivyo. Nikupe mfano wa mtu mmoja, Chris Boardman wa Uingereza. Kuna rekodi moja tukufu katika mchezo huu: unaingia uwanja wa mviringo, unaendesha saa moja kamili, na tunapima umefika wapi. Mwaka 1996, pale Manchester, Boardman alikwenda kilomita 56 na ushee kwa saa moja. Alikuwa amenyoosha mikono mbele yake kabisa, pembe zimesogezwa mbali, mkao uliobuniwa na Mskoti Graeme Obree. Muda si mrefu chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kikaupiga marufuku mkao huo. Baadaye kikaamua kwamba atakayeitaka rekodi aitafute kwa baiskeli ya zamani, kama ile aliyotumia Eddy Merckx wa Ubelgiji mwaka 1972: usukani uliopinda wa kawaida, bila pembe, bila magurudumu yaliyozibwa.

Boardman akarudi uwanja ule ule mwaka 2000. Akaendesha saa moja. Akafika kilomita 49 na mita 441. Alimpita Merckx kwa mita 10 tu. Sikiliza tena: mtu yule yule, uwanja ule ule. Kwa mkao wa mikono iliyonyooshwa, kilomita 56. Kwa usukani wa kawaida, 49. Ni kweli umri ulikuwa umesogea, na magurudumu na kofia navyo vilibadilishwa. Lakini pengo la karibu kilomita saba halizibwi na umri wa miaka minne. Hewa ndiyo iliyozila. Na mwaka 2014 UCI ikarudi nyuma, ikaruhusu tena baiskeli za kisasa zenye pembe, kwa vipimo vilivyowekwa. Mwaka 2022 Mwitaliano Filippo Ganna akafika kilomita 56 na mita 792.

Basi mpaka hapa tumeona uzuri wa kifaa. Tugeukie upande wa pili, na hapa naomba vijana mnaoendesha mnisikilize vizuri.

Mikono ikiwa kwenye pembe, breki ziko wapi? Haziko kwenye pembe. Siku hizi gia unaweza kuzibadilisha kwenye ncha za pembe, lakini breki ziko kwenye usukani wenyewe, pembeni, mbali na vidole. Ili ufunge breki ni lazima kwanza uinue kiwiko, usogeze mkono, ushike usukani, ndipo ubonyeze. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unasogea mita 11 kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara, umekwishamfikia kabla kidole hakijagusa breki. Tena mikono ikiwa pamoja katikati, usukani unakuwa mwepesi kuyumba. Upepo wa ubavuni, shimo dogo, jiwe, na baiskeli inakwenda isikotakiwa.

Mfano tunao, tena wa mtu tunayemjua. Chris Froome alizaliwa Nairobi, akajifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu, akaivalia Kenya jezi yake kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza na kushinda Tour de France mara nne. Tarehe 12 Juni 2019 alikuwa mjini Roanne, Ufaransa, akiipitia njia ya mbio za saa kabla ya mbio hizo kuanza. Alikuwa kwenye baiskeli ya pembe. Akatoa mkono mmoja ili apenge kamasi. Upepo ukampiga gurudumu la mbele, naye akaugonga ukuta kwa kasi kubwa. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Hajawahi kurudi kuwa Froome yule wa zamani. Huyu ni bingwa anayejulikana dunia nzima, kwenye njia aliyokuwa akiikagua, bila mtu wa kumsonga. Je, wewe uliye kwenye kundi la watu 30, gurudumu lako likiwa shibiri moja nyuma ya la mwenzako?

Ndiyo maana katika mbio za kundi pembe haziruhusiwi. Kwa muda fulani miaka ya 1990 waendeshaji walikuwa na pembe fupi hata kwenye kundi, UCI ikaziondoa. Wengine wakabuni ujanja: hawana pembe, lakini wanalaza mikono juu ya usukani mtupu kana kwamba pembe zipo. Mwaka 2021 UCI ikaupiga marufuku ujanja huo nao. Kuna waliolalamika. Mimi naiunga mkono marufuku hiyo bila kusita, kwa sababu kwenye kundi anayeanguka haanguki peke yake. Tuliseme tena: peke yako, ndiyo. Katikati ya watu, hapana.

Na hata peke yako, si kila mahali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na majirani zetu wa Rwanda walitupa heshima kubwa. Katika mbio za saa za wanaume alishinda Remco Evenepoel wa Ubelgiji, ambaye alimkuta na kumpita mpinzani wake Tadej Pogačar aliyetangulia kutoka. Waliotazama kwa makini walijifunza kitu. Kwenye tambarare waendeshaji walilala juu ya pembe. Wakifika kwenye vilima vya Kigali, mikono inarudi kwenye usukani wa pembeni. Kwa nini? Kwa sababu mlimani mwendo unashuka, hewa haizuii tena kama mwanzo, na mtu anahitaji kufungua kifua apumue na avute usukani kwa nguvu. Kwenye mteremko wenye kona pia wanarudi pembeni, karibu na breki. Bingwa halali kwenye pembe muda wote. Anajua saa ya kuinama na saa ya kuinuka.

Mkao huu pia unataka mazoezi. Ukiinama sana kuliko mwili wako unavyokubali, mapaja yanagonga tumbo, pumzi inabanwa, mgongo unalalamika, na baada ya dakika tano unainuka. Ukiinuka, faida yote imekwenda. Heri uinuke kidogo tangu mwanzo, mkao ambao utaweza kuubeba hadi mwisho wa mbio, kuliko kulala chini kabisa kwa ajili ya picha. Anza na dakika chache, barabara tupu, asubuhi na mapema, ukaongeza taratibu. Na kabla ya kupanda, kagua nati. Pembe iliyolegea chini ya kiwiko ni ajali iliyokwisha kupangwa.

Sasa nina ombi kwa ndugu zetu mnaoandaa mashindano ya baiskeli katika miji yetu. Tangazeni kanuni mapema, kwa maandishi, kabla watu hawajalipa kiingilio. Kama ni mbio za kundi, semeni wazi kwamba pembe haziingii, na anayekuja nazo azifungue kabla ya kupanga mstari. Kama ni mbio za saa, ziruhusuni, lakini msimpange kijana mwenye baiskeli ya chuma na usukani wa kawaida kwenye orodha moja na mwenye mtambo wa pembe na gurudumu lililozibwa. Wapeni wale wa baiskeli za kawaida daraja lao na zawadi yao. UCI yenyewe iliwahi kulifanya hilo kwa rekodi ya saa moja, na kutokana nalo dunia ikapata kuona mita 10 za Boardman na Merckx. Vipaji vingi katika eneo letu viko juu ya baiskeli za kawaida, na tunavipoteza kwa kuvipima kwa kipimo cha wenye fedha.

Na wewe kijana uliyezifunga pembe kwenye baiskeli unayoendea kazini, katikati ya daladala, bodaboda na watoto wa shule: zifungue kesho asubuhi. Ziweke kwenye boksi, zingoje siku ya mbio za saa. Kwa leo naishia hapa. Endesheni salama, na jioni njema.